Kompyuta Tatu na Vipimo Arobaini

Saa moja na dakika kumi asubuhi, simu iliandika maneno manne: "Kundi hili limefungwa kabisa."

Aliyeishika simu alikuwa fundi cherehani. Watu humwita Pindo, kwa sababu pindo lake halifumuki. Asubuhi hiyo alikuwa ameshaondoa kitambaa kilichofunika cherehani, ametia mafuta matone mawili na kuweka uzi mweupe. Kilichobaki ni vipimo.

Vipimo vilikuwa ndani ya kundi lile la ujumbe wa simu. Pindo na wenzake wawili, Mkasi na Vifungo, walijifunza ushonaji katika darasa moja, miaka kumi na tisa iliyopita. Sasa wanaishi miji mitatu, lakini kazi yao ni moja. Pindo hupima watu. Mkasi hukata kitambaa na kukituma kwa basi. Pindo hushona, kisha Vifungo hutia vifungo na kudarizi majina. Nguo husafiri kwa basi, vipimo husafiri kwa simu.

Safari hii kazi ilikuwa kubwa: magauni arobaini ya wauguzi, yanayotakiwa baada ya wiki tatu.

Pindo alibonyeza tena na tena. Maneno yalikuwa yale yale. Chini yake palikuwa na maelezo: "Tumepitia picha na maandishi yenu. Yamekiuka masharti."

"Masharti gani?" akauliza kwa sauti.

Mume wake alikuwa mlangoni, anafunga kamba za viatu. "Waandikie," alisema.

"Nimewaandikia. Imenijibu mashine."

"Basi zungumza nayo. Cherehani unaigombeza kila siku na inakusikia."

Pindo hakucheka. Alikumbuka maneno ya mkuu wa wauguzi siku ya kupima: "Fundi, mwili wa mtu si tangazo. Humu mna mwenye mimba ambayo hata mama mkwe wake hajaijua. Vipimo hivi vibaki kwenu." Naye Pindo alijibu, "Vitabaki." Kumbe kuna watu wamevipitia.

Chumba cha pili kutoka kwake kilikuwa cha mwanamke anayetengeneza kompyuta. Jina lake la mtaani ni Fundi Waya. Pindo alimpelekea simu, naye akasoma ujumbe ule mara mbili, kisha akairudisha.

"Jirani, vipimo vyako vilikuwa wapi?"

"Ndani ya simu yangu."

"Hapana. Simu ilikuwa dirisha tu. Vipimo vilikaa kwenye kompyuta ya kampuni, mbali na hapa. Wewe ulikuwa umekodi kabati, na ufunguo anao mwenye nyumba. Ameingia, amesoma, amefunga."

"Sasa nifanye nini? Nirudi kuandika kwenye daftari, nilipakie kwenye basi?"

"Uwe na kabati lako. Ile kompyuta ya zamani uliyoniletea mwaka jana bado unayo?"

"Ipo kabatini. Si ulisema imezeeka?"

"Nilisema imezeeka, sikusema imekufa."

Fundi Waya alieleza polepole. Kila mmoja wao watatu angekuwa na kompyuta ndogo nyumbani kwake, yenye umeme na intaneti. Kompyuta hizo zingeunganishwa zenyewe kwa zenyewe, bila kundi la kampuni katikati. Programu yake hutolewa bure, na mtaalamu yeyote akitaka huikagua ilivyoandikwa. Ujumbe wa Pindo ungegeuzwa fumbo kabla haujatoka kwake, na ungefumbuliwa kwa Mkasi na kwa Vifungo tu. Anayeudaka njiani angeona herufi zisizo na maana. Simu ya Pindo nayo ingesoma ujumbe kutoka kwenye kompyuta ya Pindo mwenyewe.

"Na nikisahau neno la siri?"

"Hapo sikufichi. Hakuna ofisi ya kwenda kulia. Hata mimi sitaweza kukufungulia. Chagua maneno matano yasiyohusiana, uyaandike kwenye karatasi, karatasi uifungie mahali. Si jina la mumeo."

"Nani amekwambia ni jina la mume wangu?"

"Uso wako."

Kazi ilichukua siku mbili. Fundi Waya aliweka programu kwenye kompyuta ya Pindo, kisha akawaelekeza wale wengine kwa simu, kila mmoja kwenye kompyuta yake. Mwishoni kila kompyuta ilionyesha mstari wa tarakimu.

"Sasa msomeane kwa sauti," alisema. "Sauti zenu mnazijua. Tarakimu zikilingana, unayezungumza naye ni Mkasi kweli, hakuna aliyejipenyeza katikati."

"Nne, saba, saba, moja," Pindo alianza.

"Polepole, wewe!" Mkasi alijibu. "Mimi nimezoea sentimita, hizi zako zinakwenda mpaka wapi?"

Tarakimu zililingana. Za Vifungo zililingana pia.

Kisha Pindo alienda kufanya jambo gumu. Alisimama mbele ya mkuu wa wauguzi na kusema ukweli wote: vipimo vimepotea, na kampuni iliviona. Mkuu alifungua orodha ya wauguzi.

"Fundi, nitawapanga mstari wapimwe mara ya pili," alisema. "Mara ya tatu haipo. Ikiharibika tena, kazi nampa mwingine, na sababu nitaitaja."

Kwa fundi anayepima miili ya watu, sababu hiyo ikitajwa, mlango umefungwa. Pindo alipima wauguzi arobaini kwa siku moja. Jioni alituma vipimo kwa wenzake kutoka kwenye kompyuta yake mwenyewe. Taa yake ndogo ya kijani ilikuwa inawaka juu ya rafu, na Pindo aliitazama kama mtu anayetazama mshono ulionyooka.

Kabla ya kufunga chumba aliifunika cherehani, kama kawaida. Halafu akatoa kitambaa kipya alichokidarizi mwenyewe, chenye pamba ndani na neno YETU katikati. Akaifunika kompyuta vizuri, akaingiza kingo chini.

Saa moja asubuhi taa ilikuwa imezimika. Kompyuta ilikuwa ya moto kama pasi.

Pindo alitoka mbio hadi chumba cha pili. "Jirani, imekufa! Na vipimo vimo ndani!"

Fundi Waya alikuja, akatazama rafu. "Umeivisha koti?"

"Nimeikinga na vumbi."

"Cherehani hulala ukiifunika. Hii hailali, inafanya kazi saa zote. Inavuta hewa hapa, inatoa joto hapa. Umeiziba pua, ikajizima yenyewe isiungue." Aliondoa kitambaa. "Iache ipoe."

"Na vipimo?"

Kabla Fundi Waya hajajibu, simu ya Pindo iliita. Alikuwa Mkasi.

"Mbona hunijibu tangu jana? Nimekesha nikikata, niko gauni la ishirini na nane. Huyu wa ishirini na tisa, mkono wake umeupima vizuri? Naona mrefu."

Pindo alikaa kwenye kiti. "Vipimo unavyo?"

"Sasa nakata kwa nini, kwa macho? Ninavyo. Vifungo anavyo. Vimekaa hapa kwenye mashine yangu."

Fundi Waya alikuwa anaitikia kwa kichwa. "Ndiyo maana ni tatu," alisema. "Kila moja ina nakala yake. Yako ikizimika, kazi haisimami. Ikiwaka, inaletewa ilichokikosa."

Baada ya nusu saa aliiwasha. Jumbe kumi na moja ziliingia kwa mfululizo. Wa kwanza uliuliza juu ya mkono wa yule wa ishirini na tisa. Pindo alijibu: "Ni mrefu kweli. Mimi ndiye niliyepima."

Kitambaa hakukitupa. Alikitundika ukutani, juu ya rafu, mbali na matundu ya hewa. Mteja akiuliza "YETU" ni nini, anaonyeshwa taa ya kijani.

Magauni yalirudi kwa basi siku ya Alhamisi ya wiki ya tatu. Ijumaa, saa tatu asubuhi, wauguzi waliyavaa mmoja mmoja nyuma ya pazia. Wa ishirini na tisa alitoka na mikono iliyofika pale pale kwenye kifundo cha mkono. La mwisho lilikuwa la mkuu mwenyewe. Alifunga kifungo cha juu, akainua mikono yote miwili. Kwapa halikubana.

"Vipimo vyetu viko wapi sasa?" aliuliza.

"Kwenye kompyuta tatu," Pindo alisema. "Zote ni zetu, na najua kila moja imekaa rafu gani. Mkitaka tuvifute, tunavifuta leo."

"Viacheni. Mwakani tutarudi kwenu," mkuu alisema, akatia sahihi kwenye hati ya kupokea magauni.

Pindo alitoa simu akawaandikia wenzake: "Arobaini. Yote yamekaa."

Saa tano kasoro dakika saba, majibu mawili yaliingia, la Mkasi na la Vifungo.