Mafuta ya Ganda la Korosho

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nereida alifagia ua, akawamwagia kuku mahindi, kisha akaketi na mama yake, Marleny, kula tortila, mikate myembamba ya mahindi, za moto kwa maharage. Lakini mwanzoni mwa Septemba ile chakula kilikuwa kikimpoa sahanini. Alikuwa akisimama mbele ya kioo kidogo cha mlangoni, amelifunika shavu la kushoto kwa kidole. Chini ya jicho alikuwa na baka jeusi la kuzaliwa nalo, dogo kama punje ya dengu.

"Utakitoboa kioo hicho," mama alimtania. "Njoo ule, mwanangu."

Nereida alikuwa na miaka kumi na miwili. Kwa kuwa aliongoza darasa la sita, alichaguliwa kubeba bendera siku ya uhuru, tarehe kumi na tano, mbele ya kijiji kizima cha Los Corozos. Furaha yake ilidumu siku moja tu. Siku ya pili Oslin, mchokozi wa darasa, alipaza sauti: "Jamani, mbeba bendera wetu katuliwa na nzi usoni! Mfukuzeni!" Darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo, baka ambalo hakuwahi kulijali likamnyima raha.

Rafiki yake Yessenia alimwonea huruma. "Hilo linatoka, bwana. Ponda kitunguu saumu, ubandike." Nereida alibandika siku tatu. Alichopata ni shavu jekundu na harufu iliyomfanya Oslin ajizibe pua.

"Basi dawa imebaki moja," Yessenia alimnong'oneza. "Mafuta ya ganda bichi la korosho. Shangazi yangu alipaka, baka likabanduka lenyewe."

"Hayaumizi?"

"Yanawasha kidogo. Kwani wewe unataka litoke au hutaki?"

Jumamosi, mama alipokwenda kwenye banda la kubangulia korosho alikofanya kazi, Nereida alichukua korosho mbichi jikoni, akaipasua ganda kwa jiwe. Mafuta meusi, mazito, yalichuruzika. Alichovya njiti, akagusa baka. Pakawaka moto. Akadhani dawa inafanya kazi, akaongeza.

Kufika saa sita mchana shavu lilikuwa limevimba na jicho limeanza kufumba. Mama aliporudi, kikapu kilimponyoka.

"Mungu wangu! Nani kakufanya hivi?"

"Nyigu, mama. Ameniuma nikifagia."

Mama hakupoteza muda. Dawa ya nyigu aliijua: alikata ndimu, akalisugua shavu lile kwa nguvu. Nereida aliuma meno huku machozi yakimtiririka. Mara mbili alifungua mdomo aseme kweli, mara mbili akaufunga. Atamwambiaje sasa?

Jumapili asubuhi jicho halikufunguka kabisa. Malengelenge yalikuwa yametanda shavuni na mwili ulichemka kwa homa. "Nikipofuka je?" alijiuliza. Mama alimshika mkono, wakakimbilia kituo cha afya.

Muuguzi Leticia alilitazama shavu kwa makini. "Nyigu gani huyu anayeunguza ngozi ikawa nyeusi? Binti, nisipojua kilichokupata nitakutibu kwa kubahatisha. Na hapa pana jicho. Niambie."

Nereida alimtazama mama yake kwa jicho moja lililobaki wazi. "Si nyigu," alisema kwa shida. "Nilipaka mafuta ya korosho. Nilitaka baka litoke."

Mama aliketi polepole kwenye benchi. "Nami nikakusugua ndimu juu ya jeraha la kuungua," alisema. Hakufoka. Sauti ile ya chini ilimchoma Nereida kuliko mafuta yenyewe.

Muuguzi aliuosha uso kwa sabuni na maji mengi, akawaandikia barua ya kwenda hospitali mjini Choluteca. Njia nzima Nereida alijaribu kufumbua lile jicho, likagoma. Daktari alilifungua taratibu kwa vidole, akalimulika, kisha akaliziba lile zima.

"Nimenyoosha vidole vingapi?"

Nereida alikaza jicho. Ukungu ulikuwa mwingi. "Viwili."

"Umenusurika," daktari alisema. "Mafuta yangeingia ndani ya jicho kidogo tu, tungezungumza mengine." Hapo ndipo mama alipolia.

Tarehe kumi na tano bendera ilibebwa na Yessenia. Nereida alitazama maandamano kutoka pembeni, bandeji usoni. Oslin alimsogelea, akajikuna kichwa. "Ule wa nzi ulikuwa utani tu. Sikujua kama umekuuma hivyo."

"Sikukwambia," Nereida alijibu.

Wiki tatu baadaye walirudi kwa muuguzi. Kovu lilikuwa limezunguka shavuni, na baka bado lipo katikati, nusu limeungua.

"Mimea ina nguvu, ndiyo maana haichezewi," muuguzi alisema. "Baka lililotulia halidai dawa. Likikua, likibadilika rangi au likitoa damu, lilete hapa litazamwe. Ukilichoma, unafuta dalili ambazo daktari anazitafuta. Sasa itabidi tulichunguze hili kila baada ya miezi michache."

Nereida aliitikia kwa kichwa. Mama akamwinua kidevu.

"Na mimi nina langu, mwanangu. Ukinikosea, njoo uniambie kweli. Nitakasirika, sikufichi, lakini nitajua la kufanya. Ukinidanganya, mkono wangu mwenyewe ndio utakaokuumiza, kama siku ile ya ndimu."