Mgeni Aliyepukutisha Majani

Sogeeni karibu, mkae vizuri. Anayetaka kukohoa, akohoe sasa. Hii ni hadithi ya Shani na mti uliokuwa mfupi kuliko yeye.

Shani alikuwa na miaka mitano. Aliishi Morogoro na Mama, Baba, Bibi na kaka yake Hamza. Mlango wa nyumba yao haukufungwa mchana, maana wageni walikuwa hawaishi.

Jumamosi moja Mama alirudi kutoka kwenye bustani ya miche iliyo kando ya barabara. Alikuwa amebeba chungu cha bluu. Ndani ya chungu mlikuwa na mti.

Ulikuwa mti kamili. Ulikuwa na shina nene lililopinda. Ulikuwa na mizizi iliyochomoza juu ya udongo kama vidole vya miguu. Lakini ulimfikia Shani magotini tu.

Mama alisema mti wa namna hii unaitwa bonsai. Hulelewa chunguni na kupunguzwa matawi, ndiyo maana unabaki mfupi. Kisha akamwambia Shani jambo la kushangaza. Mti huu mfupi ulikuwa umemzidi umri.

Shani akasimama wima. Mkubwa lazima aamkiwe, hata kama anakufikia magotini.

"Shikamoo, mti wetu."

Mti ukanyamaza.

Sasa, katika nyumba ile, mgeni akiingia hupewa kitu kabla hajakaa sawasawa. Shani akaenda jikoni. Akarudi na kikombe cha maji. Glu, glu, glu, akaupa mti.

Mama akapita. Akaona mgeni amekaa peke yake. Glu, glu, glu.

Baba akarudi kutoka kazini. Akaona mgeni hana hata glasi mbele yake. Glu, glu, glu.

Bibi naye akaja na birika. Hamza alitaka kuupa mti juisi ya ukwaju, Mama akamkataza. Basi akaupa maji. Kila mtu alidhani ni yeye peke yake aliyemkumbuka mgeni.

Kisha Shani akamtembeza mgeni nyumba nzima. Alikikumbatia chungu kwa mikono miwili, akatembea taratibu. Hff, hff, hff.

Mti ukaonyeshwa jikoni. Ukaonyeshwa kuku wa uani. Ukatazama katuni. Jioni ukawekwa chumbani, karibu na kitanda cha Shani. Kesho yake safari zikaanza upya, na maji yakaanza upya.

Asubuhi moja Shani aliamka, akauamkia mti kama kawaida.

"Shikamoo, mti wetu."

Mti ukanyamaza. Halafu, ti. Jani moja likaanguka.

Shani akaliokota. Akachukua gundi ya Hamza, akajaribu kulirudisha tawini. Halikukaa.

Ti. Likaanguka jingine.

Ti. Ti. Ti.

Siku zilizofuata majani yalizidi kuanguka. Yalikuwa ya njano, mepesi. Shani aliyaficha chini ya mto wa kochi ili Mama asiyaone. Lakini Mama alikuwa ameshayaona, na Baba pia. Wakubwa wakaona mgeni ana kiu. Mnajua walifanya nini?

Glu, glu, glu.

Mwishowe mti ukabaki karibu mtupu. Shani akakaa sakafuni mbele yake, akalia. Bibi akaja akakaa naye.

"Bibi, mgeni hatupendi," Shani alisema. "Anataka kutuacha."

Bibi akachomeka kidole kwenye udongo. Chwa! Kidole kikatoka na tope. Akainua chungu. Kisahani cha chini kilikuwa kimejaa maji.

Bibi akawaita watu wote sebuleni. Akauliza ni nani amekuwa akiupa mti maji.

Shani akainua mkono. Hamza akainua mkono. Mama akainua mkono. Baba alitazama dari kwa muda, halafu naye akainua. Bibi akacheka, akainua wa kwake.

Watu watano, na kimti kimoja cha chunguni kimenyweshwa na wote. Maskini.

Kisha Bibi akamgeukia Shani. Akamuuliza kama anaikumbuka siku walipofika Tabora, nyumbani kwa Shangazi Rukia.

Shani aliikumbuka vizuri. Alipewa uji. Kabla hajamaliza uji, akapewa chapati. Kabla hajamaliza chapati, akapewa ndizi. Kisha akapelekwa kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, na kote huko alipewa chai.

"Ukawaje?" Bibi aliuliza.

"Tumbo liliniuma. Nikalia."

"Ulikuwa humpendi shangazi yako?"

"Nilimpenda. Nilitaka kukaa tu."

Shani akautazama mti. Akayatazama maji ya kisahani.

"Bibi," alisema polepole, "na mti unataka kukaa tu."

Lakini je, ulikuwa bado mzima? Hilo ndilo lililomtisha Shani. Bibi akalikwaruza tawi moja kwa ncha ya ukucha, kidogo sana. Wote wakasogeza vichwa.

Chini ya ganda palikuwa na rangi ya kijani.

"U hai," Bibi alisema.

Haaa. Wote wakashusha pumzi. Baba alishusha ndefu kuliko wote.

Wakamwaga maji ya kisahani. Wakauweka mti karibu na dirisha, pale ambapo jua la asubuhi huingia. Shani akasema hapo ndipo mahali pake, na mtu asiuhamishe tena. Hakuna aliyebisha.

Tangu siku hiyo, kazi ya kuupa mti maji ikawa ya Shani peke yake. Kila asubuhi aliuamkia, kisha akagusa udongo.

Kidole kwenye udongo.
Mbichi? Basi tungoje.

Kesho yake akagusa tena.

Kidole kwenye udongo.
Mbichi? Basi tungoje.

Kungoja ni kazi ngumu. Shani alitamani sana kuuinua mti auonyeshe vifaranga waliototolewa. Akashika mikono yake nyuma. Akawaleta vifaranga dirishani, na hapo Mama akasema vifaranga warudi nje.

Jirani yao, Mama Fausta, alikuja kuwapa pole. Alipouona mti ulivyo mtupu, roho ilimuuma. Akaomba kikombe cha maji. Shani akasimama mbele ya chungu, mikono ameitandaza.

"Asante, Mama Fausta. Ameshiba."

Mama Fausta akacheka, akanywa yale maji mwenyewe.

Hatimaye ikafika asubuhi ambayo kidole kilitoka kikavu.

Kidole kwenye udongo.
Mkavu? Sasa tumpe.

Shani akamimina maji taratibu. Yakapita kwenye udongo, yakatokea tunduni chini. Dri, dri, dri. Akangoja yaishe kudondoka, akamwaga yaliyobaki kisahanini.

Majani hayakuanguka tena, maana hayakuwepo ya kuanguka. Matawi yalikaa hivyo hivyo, matupu. Shani aliogopa, na alisema wazi kwamba anaogopa. Bibi akamwambia hata yeye anaogopa kidogo. Wakaogopa pamoja, wakaendelea kungoja.

Halafu siku moja, kwenye ncha ya tawi, Shani aliona kitu. Kilikuwa kidogo kama punje ya mchele. Kilikuwa cha kijani.

Hakupiga kelele. Alitembea kwa ncha za vidole hadi jikoni, akamvuta Bibi kanga. Bibi akaja na mwiko mkononi. Mama akaja. Hamza akaja. Baba akatoka bafuni na taulo, sabuni ikiwa bado sikioni.

Walisimama wote dirishani wakitazama kitu kidogo kama mchele. Mama alipangusa macho. Baba alisema sasa anaweza kunywa chai yake kwa raha, kwa kuwa kila asubuhi alikuwa akiogopa kutazama upande ule wa dirisha. Shani alijisikia mwepesi mwili mzima.

Punje ile ikafunguka ikawa jani. Likaja la pili. Likaja la tatu. Baada ya hapo Shani akaacha kuhesabu, akawa anafurahi tu.

Jioni moja Mama alisema ni wakati wa kulala. Shani akapiga mswaki, akavaa gauni la kulalia. Kisha akapita dirishani, akauinamia mti uliojaa majani mapya.

"Wewe si mgeni tena," aliunong'oneza. "Wewe ni wa hapa. Na watu wa hapa wanalala sasa hivi."

Mti ukanyamaza, na safari hii Shani hakuwa na wasiwasi. Akazima taa ya sebuleni, akauacha mahali pake, akaenda kitandani. Alilala moja kwa moja hadi asubuhi.