Mpokeaji Ni Yeyote

Kipusa aliitika "abee" asubuhi ile, na hakuna aliyemwita.

Alikuwa mezani, kijiko cha uji mkononi, mama yake akikunja nguo kwenye kochi. Mtoto aligeuza uso, akautazama ukuta mtupu na kuitika kwa adabu kama alivyofundishwa, kisha kijiko kikamponyoka. Mama yake alidhani ni utani. Kipusa alikuwa darasa la pili tu, lakini mdomo wake ulikuwa na miaka arobaini. Safari hii hakucheka. Alibaki macho wazi, hasikii, hagusiki, na chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

Muda huohuo, upande wa pili wa mji, baba yake alikuwa ametoka kuiwasha seva, kompyuta kuu ya zahanati.

Pale zahanati walimwita Mtaalamu, nusu kwa heshima, nusu kwa kejeli, maana hata kufuli la choo likigoma aliitwa yeye. Programu ya kuandikisha wagonjwa aliitengeneza mwenyewe, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na alijivunia. Programu ya namna hiyo ikiamka, kabla ya kumfungulia mtu yeyote mlango, husoma kwanza faili la mipangilio ya kuanzia. Husoma mara moja tu. Itakayoyakuta humo ndiyo sheria yake mpaka izimwe. Ukibadilisha neno ikiwa imeshaamka, unampigia mbuzi gitaa.

Asubuhi ile ilimwandikia kwenye skrini "Tayari", kama kawaida. Chini yake pakatokea neno jingine: "Nimepokea." Akafikiri ni mabaki ya majaribio yake ya zamani. Simu ya mkewe ikaita kabla hajalifikiria zaidi.

Zahanati ilizima mitambo kila jioni ili kuokoa umeme. Kila jioni Kipusa alizinduka. Kila asubuhi, seva ikiwashwa, aliitika tena na kuondoka akiwa palepale alipokaa. Wazazi hawakuunganisha mambo hayo mawili, nani angeyaunganisha? Daktari alimpima damu, akamulika macho, akasikiliza moyo, mwishowe akasema mtoto apumzike. Mtoto alikuwa hafanyi kingine.

Na kila alipozinduka alirudi pungufu. Kwanza kilipotea kicheko. Kisha akasahau jina la paka wake, halafu chumba anacholala. Ikafika jioni alipomtazama mama yake mzazi, akamwambia, "Shikamoo, mama," kwa sauti ya mtoto aliyetumwa nyumba ya jirani. Mama alikwenda kulilia bafuni, bomba limefunguliwa ili asisikike. Mtaalamu alisimama nje ya mlango huo, mikono haijui pa kukaa.

Wakamwita shangazi wa mkewe, mtu anayetibu wenye majini. Aliingia asubuhi na mapema akizilalamikia ngazi. "Mnakaa huku juu kama njiwa! Mgonjwa yuko wapi?" Siku hiyo Mtaalamu alibaki nyumbani, karani wa mapokezi ndiye angewasha seva.

Shangazi alifunga mapazia, akafukiza dawa yake, akaweka kiganja kwenye paji la uso wa mtoto. Walingoja. Kipusa akaitika, "Abee," na ile harufu ya nywele ikaimeza harufu ya dawa, na pazia ambalo halikuguswa na upepo likajivuta ndani taratibu na kubaki hivyo, limevimba, kana kwamba mtu mnene amekaa nyuma yake, na mama mtu akamshika mumewe mkono mpaka kucha zikazama, na wote watatu wakasikia pumzi nyingine, nzito, isiyo ya mtoto, ikitoka kinywani mwa mtoto.

"Umetoka wapi?" shangazi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijaja mwenyewe. Nimeitwa." Ilikuwa sauti ya mtu mzima aliyekaa kwa starehe.

"Nani amekuita?"

"Baba mwenye nyumba. Kila asubuhi hutangaza jina la mtoto na jina la mama yake, kabla mlango haujafunguliwa kwa mwingine. Husema wa kumpokea ni yeyote." Macho ya Kipusa yalimgeukia baba yake. "Mimi ndiye yeyote. Leo jioni simrudishi."

Shangazi alimgeukia Mtaalamu. "Wewe! Umefanya nini? Mimi hutaja jina la mgonjwa na la mama yake nikishafunga milango yote. Wewe umetaja mlango wazi?"

Hapo ndipo alipokumbuka. Watu wa kompyuta wana tabia moja: nafasi inayodai jibu huijaza chochote cha kujaribia, wakisema watabadilisha kesho. Kwenye faili lile la mipangilio, siku moja kabla Kipusa hajaanza kuugua, palitakiwa mgonjwa wa mfano. Akaandika jina kamili la binti yake, kwa mapenzi tu. Palitakiwa jina la mama, akaandika la mkewe. Palipouliza nani aruhusiwe kumpokea, akaweka alama ya nyota, ambayo kwa programu ile maana yake ni yeyote. Akahifadhi, akaenda kula.

"Kafute," shangazi alinong'ona. "Mimi nitamshikilia hapa. Nenda, baba, nenda!"

Alikimbia. Chumba cha seva kilikuwa nyuma ya mapokezi, na foleni ya wagonjwa ilishafika getini. Alifungua faili, akafuta jina la mtoto, akafuta la mama, akaweka herufi zisizo na mwenyewe. Kwenye mpokeaji akaandika: hakuna. Lakini programu ilikuwa macho tangu asubuhi na sheria yake ya asubuhi. Isingesikia mpaka izimwe.

Mkuu wa zahanati alisimama mlangoni. "Usizime. Unaona watu walivyojaa? Subiri jioni."

"Mkuu, nakuomba. Mwanangu hana jioni."

"Una nini wewe? Kaa chini, unywe maji."

"Nifukuze kesho. Nifunge ukitaka. Nisamehe."

Akaenda kwenye plagi ukutani, na alipoishika aliisikia ile harufu, humu, kazini kwake, na feni za mashine zikapandisha sauti kama zinataka kusema, na mkono ukawa mzito usiotaka kuvuta, na akamwona binti yake akimwambia mama shikamoo kwa sauti ile ya ugenini, akavuta kwa uzito wa mwili wake wote, akaanguka chali na waya kifuani.

Giza kwenye skrini. Mapokezi wakaanza kupiga kelele. Alirudisha plagi, akangoja, akimwomba Mungu. Programu ikaamka, ikasoma, ikaandika: "Tayari."

Chini yake hapakuwa na kitu.

Simu ikaita. "Ameamka!" Mkewe alikuwa akilia na kucheka. "Ananiita mama! Anauliza paka wake kala, Baba Kipusa!"

Mtaalamu alikaa sakafuni katikati ya nyaya, akalia bila aibu. Mkuu alimtazama, hasira ikamtoka. Naye alikuwa mzazi.

"Yameisha?"

"Yameisha, Mkuu."

"Basi futa machozi, nikupe habari njema. Programu yako imewapendeza wakubwa. Jana nimeituma kwenye matawi yetu yote, pamoja na lile faili lako la mipangilio kama lilivyokuwa. Kwa nini niwasumbue watu kuandika jipya? Leo ndiyo wanaanza."

Mtaalamu aliinua uso. "Wanaanza saa ngapi?"

"Sasa hivi. Tazama." Mkuu alimwonyesha simu yake kwa furaha. Ujumbe ulikuwa ukiingia, mmoja juu ya mwingine, kutoka tawi hili na lile: Tumewasha. Tumewasha. Huku kwetu imekubali.

"Waambie wazime! Mkuu, wapigie wazime!"

Simu yake mwenyewe ikaita. Mkewe hakulia safari hii. Aliongea kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kusikiwa na waliomo chumbani.

"Baba Kipusa," alisema. "Shangazi anauliza, umewaita wangapi?"