Kola Iliyogeuzwa

"Swali la mwisho, bwana mwandishi. Yule mwanamke kwenye hadithi yako aligeuza kola ya shati la jirani yake, halafu hakumwambia. Kwa nini hakumwambia?"

Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Mama mwenye miwani alinikazia macho. Kushoto kwake alikaa dada wa kompyuta, kulia mkurugenzi wa studio, anachezea simu. Walitafuta mwandishi wa michezo ya redio.

"Ni ugumu wa maisha, mama. Wakubwa wamepandisha bei za nguo. Mtu atanunua shati jipya kwa pesa gani?"

Dada wa kompyuta aliziba mdomo asicheke.

"Mzee, hii ni hadithi ya mapenzi."

Nilitamani sakafu ipasuke.

Mimi shule niliiacha mapema. Nilikuwa mkata karatasi kiwandani, wakubwa wakanipunguza. Mke wangu alifia kwenye benchi akimsubiri daktari, na daktari yuko kikaoni na wakubwa. Tangu hapo naandika hadithi kwenye makundi ya simu. Watu huniwekea vikatuni vya kucheka hata pale mtu anapokufa.

Jirani yangu, mwanamke fundi wa cherehani, ndiye aliyenifundisha usaili wiki nzima, pini zikiwa mdomoni.

"Usimseme vibaya bosi wako wa zamani."

"Hata akiwa shetani?"

"Hata akiwa na mkia! Na wakikuuliza udhaifu wako, sema kweli. Usijifanye malaika, Mzee wa Lawama."

Siku moja akanipa daftari. "Na mimi nimeandika kitu. Soma chote, halafu uniambie unaonaje."

Nilisoma kurasa mbili, nikaona zinang'aa kuliko hadithi zangu zote. Nikampelekea mchapaji wa dukani, akachapa daftari zima, juu nikaweka jina langu. Nikatuma studio.

"Mzee?" mama wa miwani aliniita. "Tunakusubiri."

"Hadithi si yangu."

"Ni ya nani?"

Niliwaandikia namba ya simu ya Fundi.

"Tutakupigia," alisema mkurugenzi bila kuniangalia. Neno hilo nimeambiwa mara nyingi kuliko nilivyowahi kupigiwa.

Niliporudi mtaani, Fundi aliniona kwa mbali, akainuka.

"Nani kapita? Mzee wa Lawama kapita! Walikuuliza udhaifu?"

"Hawakuuliza. Walinikuta nao."

"Una nini?"

Nikakaa kwenye kigoda chake cha wateja, naye akarudi kwenye cherehani, nikamweleza yote. Sikuweza kumtazama. Nilitazama miguu yake kwenye pedali ya cherehani, na haikusogea.

"Daftari ulisoma lote?"

"Kurasa mbili."

"Yaani umeniibia, na hata kusoma hukusoma!"

"Fundi, hawa wakubwa wangetujali sisi tusio na vyeti, mimi nisinge..."

"Mkubwa gani alikushika mkono ukaandika jina lako? Mtaje!"

Nikautazama mkono wangu mwenyewe.

"Haya, pindua hiyo kola yako."

"Kola gani?"

"Uliyoivaa! Ipindue, uishike."

Nikaipindua. Upande wa chini kitambaa kilikuwa kimelika, nyuzi zimechomoza. Upande wa juu ulikuwa mzima kabisa. Miezi mitatu nilivaa lile shati nikidhani kola inapendeza kwa sababu ya sabuni nzuri.

"Uliniletea nishone kifungo kimoja," alisema, sauti imeshuka. "Nikaona kola imechakaa. Nikaifumua, nikaigeuza, ubovu ukae chini usije ukachekwa. Kusema nikaona haya, nikaandika. Nikakupa usome wewe. Wewe ukaenda kuwapa watu baki."

Nilifiwa nikasimama makaburini kichwa juu, nikiwalaani wenye makosa. Pale kwenye kigoda kichwa kilikataa kuinuka.

Simu yake ikalia.

"Ndiyo, ni mimi... Ndiyo, niliandika mwenyewe... Kesho kutwa saa nne? Nitafika."

"Hongera, Fundi," nikasema. "Wakikuuliza udhaifu wako..."

"Udhaifu wangu umenikalia kigoda. Inuka, nina kazi."

"Na mimi je?"

"Wewe tutakupigia."

Siku tano nilipita njia ya nyuma, kama mwizi niliyekuwa. Ya sita, ujumbe ukaingia:

"Kazi nimepata. Hapa kwangu kuna nafasi moja bado iko wazi. Mwombaji aje kesho asubuhi, na kitu alichoandika MWENYEWE. Hata mstari mmoja."

Nilishika kalamu. Nikaanza, "Wakubwa wa nchi hii..." Nikafuta. Nikaanza na mke wangu, nikafuta pia, maana yeye hakuiba kitu cha mtu. Karatasi ikachafuka, nikachukua nyingine.

Asubuhi nikavaa shati lile lile. Kola nikaisimamisha, ule upande uliolika ukatazama nje. Nikapita njia ya mbele, majirani wote wakiona.

Fundi alipokea karatasi, akasoma kwa sauti:

"Nilikuibia nikiwa nimevaa upendo wako shingoni, wala simtafuti mwingine wa kumlaumu."

Akasoma tena, kimya. Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Kisha akanyoosha mkono.

"Shusha hiyo kola, Mzee wa Lawama. Unawaonyesha watu siri yangu."

Akaishusha mwenyewe.