Kilo Thelathini na Nane

Pikipiki ilikuwa imezama nyuma vidole viwili zaidi ya jana, na hakuna aliyeipanda.

Fundi alipima tena, maana fundi mzuri hulaumu futi kabla ya kulaumu chuma. Vilevile. Hii ilikuwa pikipiki ya kifahari ya mbio, tangi limefinyangwa kwa mkono, injini ya silinda nne, kiti kimoja tu. Aliyeichora aliapa haitabeba abiria kamwe. Fundi akabadilisha springi, ikazama tena. Hapo akafanya kosa la kifundi hasa: badala ya kujiuliza nani amekaa pale, aliikaza springi ibebe uzito uliozidi. Kilo thelathini na nane. Mkia ukanyooka, naye akafurahi, maskini.

Mwendeshaji wa majaribio alikuwa mkewe, ambaye karakana nzima ilimwita Risasi. Kabla na baada ya kila mbio alipanda mizani, ili springi ilingane na mwili wake. Mchana ule alikuwa na hamsini na nane, kama siku zote. Akaondoka kwa mngurumo uliotikisa madirisha.

Aliporudi hakuvua kofia. Alisema mashine inalala kwenye kona bila kusita na mwendo wake hauna mfano, kisha akamsogelea mumewe.

"Baba watoto, kuna mtu alinishika kiuno njia nzima."

Harufu ya udongo mbichi ilijaa karakana, jua likiwa la utosi, na fundi, kwa kuwa sasa alielewa kwamba ni yeye aliyemwandalia mgeni huyo kiti kwa spana yake mwenyewe, alichuchumaa akailegeza springi taratibu, akinong'ona, "Tumekosea, mkubwa, tunaomba radhi, hapa pana kiti kimoja, shuka uende zako," huku kitu kikipumua karibu na sikio lake, mkia ukizidi kuzama, mpaka ghafla ukapanda wenyewe na kutulia mahali pake.

Alipima. Sawasawa kabisa. Nusura alie kwa furaha.

Lakini utaratibu ni utaratibu, Risasi akapanda mizani. Fundi alisoma, akafuta kioo kwa kiganja, akasoma tena. Tisini na sita.

"Vipi, nimenenepa?" mkewe alitania, huku akihangaika kulegeza mkanda ambao hakuwa ameuvaa.