Kumi Kumi, Shemeji

Sijawahi kumheshimu shemeji yangu, na leo sitajitia kwamba nilimheshimu. Mume wa dada yangu mdogo alikuwa karani wa masjala, mtu wa kupanga mafaili na kuomba radhi. Jumamosi moja mchana alinikaribisha sebuleni kwake, akanionyesha tangi la kioo lenye maji ya chumvi na vipande vya mawe, akaniambia anafuga matumbawe.

"Unafuga mawe?"

"Yana uhai, shemeji. Yanaishi kwa mwanga."

Loh! Mtu mzima na ndevu zake. Mimi ni fundi umeme, miaka ishirini na miwili napanda dari za watu. Nikamwambia taa ni taa, nimfungie balbu ya kawaida yaishe. Akatoa daftari. Alikuwa ameandika humo kwamba balbu ya kawaida itaotesha ukoko wa kijani tu. Matumbawe yanataka mwanga wa buluu, tena wenye nguvu ya kufika chini kabisa ya tangi. Taa za dukani za namna hiyo zilikuwa ghali kuliko makochi yake yote. Kwa hiyo amepata moja ya mtumba, bei poa. Nilifuatana naye kwenda kuichukua, wala si kwa wema. Nilijua tu watamuuzia bati.

Muuzaji alikuwa mama mmoja wa makamo, anayeishi peke yake. Sebuleni kwake palikuwa na tangi tupu, na mbele ya tangi kiti kimoja. Niliifungua ile taa, nikaikagua waya kwa waya, nikakosa cha kukosoa. Nikazidi kukasirika.

"Anzeni na asilimia kumi," yule mama alisema kwa sauti ya chini. "Ongezeni kumi kila wiki, matumbawe yasiungue. Na ikifika mwisho, msiizime ghafla mtu akiwa amekaa mbele yake."

"Kwa nini, mama?"

"Mimi niliizima. Mume wangu alikuwa amekaa pale." Akakiangalia kile kiti.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Shemeji hakucheka. Alitoa daftari lake akaliandika na hilo, kwa ule mwandiko wake wa kikarani.

Basi nikamfungia. Kila Jumamosi nilikuwa nakwenda kula kwa dada na kumkuta bwana amekaa mbele ya tangi lake, anaongeza kumi zake. Kisha anachukua kikwangulio, anaingiza mkono majini, anakwangua ukoko kwenye kioo. Kona ya chini kushoto ilimshinda kila mara. Alikuwa anaacha kipande cha kijani, kiasi cha kiganja.

"Hata kioo kinakushinda, bwana?" namwambia. Yeye anatabasamu tu. Nilichukia hata tabasamu lake.

Wiki ya sita dada alinivuta jikoni. Alikuwa amekonda.

"Kaka, mume wangu anapungua."

"Mpe chakula cha kueleweka."

"Sikutanii. Nikimshika mkono ni baridi, mwepesi. Lakini kwenye kioo cha tangi ananenepa. Na hayuko peke yake."

Nikamwambia aache uzushi. Sikwenda hata kuangalia. Dada mzima anamlilia karani aliyepungua kilo mbili!

Jumamosi ya kumi nilifika saa tisa alasiri. Jua lilikuwa linawaka nje. Taa ilikuwa imefika asilimia mia, sebule nzima buluu. Matumbawe yalikuwa yamefunguka yote, mazuri ajabu, nakiri. Shemeji alikuwa kwenye kiti chake.

Niliona mshono wa kiti. Niliuona kupitia kifua chake.

Nikatazama kioo. Mle ndani shemeji alikuwa amekaa, mnono, ana rangi. Kando yake palikuwa na kiti kingine. Mzee nisiyemjua alikuwa amekikalia. Niligeuka. Sebuleni kiti kilikuwa kimoja.

Dada alinishika mkono. "Usiizime," alinong'ona. "Kumbuka alichosema yule mama. Nataka mume wangu, kaka."

"Shemeji."

Ilikuwa sauti yake. Midomo ya aliyekaa kitini haikutikisika. Ya yule wa kwenye kioo ndiyo ilitikisika.

"Ishushe polepole. Kumi kila wiki. Nitarudi. Kumi kumi, shemeji."

Niliogopa, ndiyo. Lakini nitasema kweli, si woga ulionituma. Ni kwamba karani wa masjala alikuwa ananifundisha taa. Mimi! Nikainama, nikachomoa plagi.

Giza halikuwepo, jua lilijaa dirishani. Kila kitu kilionekana vizuri. Kiti kilikuwa kitupu. Bado kilikuwa kimebonyea.

Nikairudisha plagi upesi. Haikuwaka. Nikaifungua pale pale sakafuni, nikapima waya kwa waya. Zote nzima. Mpaka leo hakuna kilichoungua, na mpaka leo haiwaki. Tulikwenda kwa yule mama. Nyumba ilikuwa imefungwa, madirisha yamepigwa mbao.

Dada aliniambia neno moja tu. "Alikwambia kumi kumi." Tangu siku hiyo hajaongea nami tena, ila mlango ananifungulia.

Matumbawe yalikufa yote. Dada amekataza maji yasimwagwe. Kikwangulio kinaning'inia kwenye msumari wake, kikavu, kina vumbi. Ukoko unaota kioo kizima wiki nzima, kijani tupu. Lakini kila Jumamosi nikifika alasiri, nakuta kioo kimekwanguliwa kwa ndani, kinang'aa. Isipokuwa kona ya chini kushoto. Pale pamebaki kijani, kiasi cha kiganja.