Nimekagua, Nimepokea

Halmashauri iliagiza makabati tisa ya chuma ya kuwekea majalada, stoo yakakutwa kumi. La kumi lilikuwa linatoka jasho.

Mtunza stoo, mama mmoja asiyemwogopa hata mkurugenzi, alilifuta kwa tambara mara tatu. Likatoka jasho tena, na harufu kama ya nywele mbichi zilizofungiwa kwenye mfuko. Akaenda kumwita afisa manunuzi.

Huyu walimwita Bwana Nukuu Tatu, maana hakununua hata ufagio bila karatasi za bei za wauzaji watatu. Mkewe alipenda kuwaambia majirani kuwa hata siku ya kumposa yeye, alishapita kwa wengine wawili kulinganisha. Alikuwa na uwezo wa kurudisha lori zima la tajiri yeyote, na alijua kuutumia. Wajibu wake ulikuwa mwepesi: ahesabu, akague, ndipo asaini. Lakini lori la makabati lilifika saa ya kula. Bwana mkubwa akasaini hati ya kupokelea mzigo juu ya boneti, turubai hata halijafunguliwa, akakimbilia sahani yake.

"Bwana mkubwa, ulihesabu?" mtunza stoo alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Nilihesabu."

"Yalikuwa mangapi?"

Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka. Ilitoka ndani ya kabati la kumi, sauti yake mwenyewe, na kikohozi chake cha sigara juu.

"Tisa."

Mtunza stoo alitoka na kiatu kimoja. Cha pili hajakifuata mpaka leo.

Tangu hapo yule bwana hakusema neno. Wengine walinong'ona kuwa ni kiharusi, wengine kuwa ni mke wa mtu. Lakini mchana kweupe, ofisi ikiwa tupu, kabati lilisikika likibishana bei, likiwakemea wauzaji, likiita "mama watoto" kwa ile sauti ya kubembeleza ambayo haikuwahi kutoka nje ya chumba chao, na huku nyumbani mwenye sauti anakonda kama shati lililoanikwa, anaandika mahitaji yake kwenye daftari, na mwandiko unafifia kila siku mpaka mkewe akawa anausoma kwa kupapasa.

Mke akaleta mganga.

"Umeingiaje humu?" mganga aliliuliza kabati.

"Nimepokelewa."

Mganga akaomba hati, akavaa miwani. Mstari wa mwisho, kwa wino uleule, ulisema: *kabati moja, na kilichomo*. Chini yake: *nimekagua, nimepokea*. Sahihi. Muhuri.

Akaanza kufunga mkoba wake. "Mama, mimi natoa walioingia bila ruhusa. Huyu kagongewa muhuri. Namtoaje mwenye karatasi?"

"Kwa hiyo mume wangu afe hivihivi?"

"Labda kabati akabidhiwe mtu mwingine. Na huyo ahesabu kwelikweli, asome anachopokea, ndipo asaini."

Mkurugenzi alikuwa safarini, kama kawaida yake palipo na kitu cha kusaini. Mashemeji, wale wa kuja kila Jumapili kula, ghafla wote wakawa hawajui kuandika.

Mke akaenda stoo mwenyewe, mchana, peke yake. Akahesabu kwa kugusa, moja, mbili, tatu, chuma kikavu na baridi chini ya kiganja, nne, tano, na kila alipotaja namba kuna kitu mbele yake kiliitaja pamoja naye kwa upole, kama mwalimu anayemsaidia mtoto, nane, tisa, na alipoweka mkono juu ya la kumi lilikuwa na joto la shavu la mtu, nalo likaegemea kiganja chake. Akasoma mstari wote wa hati ya makabidhiano. Akasaini.

Nyumbani mumewe alikohoa. "Mama watoto," akaita, "nasikia njaa."

Mkewe alirudi, akampakulia, akakaa mbele yake. Alifungua mdomo, akaufunga.

Siku hizi yule bwana anahesabu kila mzigo mara mbili. Ameshajaza hati mpya hata sijui ngapi ili alichukue tena kabati lile, lakini aliyekabidhi hapokei tena; kalamu ikifika kwenye jina lake inakauka. Saa ya kula anaburuta kiti hadi stoo, anafungua chakula alichopakiwa na mke asiyesema, na kabati linamsemesha polepole, kwa sauti ya mwanamke aliyemposa baada ya kulinganisha watatu.

"Baba watoto. Leo umehesabu?"

"Nimehesabu."

"Hesabu tena. Tumeongezeka."